Istilahi za Simu ya Kofia: Kufunga, Kuoanisha na Kupima

1. Chanzo cha makala haya

Makala haya yanahusu maneno machache tu. Yamezaliwa katika kibanda cha fundi redio huko Ngokolo, kata mojawapo ya Manispaa ya Shinyanga, na yanakusudia kuwaonyesha wafasiri, walimu na watumishi wa serikali jinsi kosa dogo la istilahi linavyoweza kutoka kwenye karatasi likaingia barabarani.

Nilikuwa Shinyanga kwa kazi ya kukusanya maneno ya mafundi. Mwalimu mmoja wa udereva wa pikipiki alikuwa ameletewa na nduguye, kutoka ng'ambo, seti mbili za chombo cha kuzungumzia kinachofungwa ndani ya kofia ngumu. Alikusudia kuvaa kofia moja na mwanafunzi avae ya pili, ili aweze kumwelekeza wakiwa katika mwendo, kila mtu juu ya pikipiki yake. Jambo hili si geni duniani. Nchini Uingereza, mafunzo ya awali ya lazima kwa waendesha pikipiki yalianzishwa mwaka 1990, na katika sehemu ya mafunzo hayo inayofanyika barabarani mwalimu huwasiliana na mwanafunzi wake kwa redio.

Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza na Kichina. Mwalimu yule akaniomba nimfasirie, nami nikaimaliza kazi jioni moja, kwa haraka na kwa kujiamini. Fundi akafunga vyombo kwa kuufuata mwandiko wangu. Siku ya tatu wakaenda kujaribu katika uwanja wa wazi. Mwanafunzi alikuwa mbele, mwalimu nyuma. Mkokoteni wa ng'ombe ukakatiza njia. Mwalimu akasema, "Usipite!" Mwanafunzi akasikia, "Upite!" Alipouona mkokoteni alikuwa amekwisha karibia, akashika breki kwa ghafla, akaanguka. Kwa bahati njema aliumia magoti tu.

Tulipofungua bitana ya kofia ya mwalimu, tuligundua kwamba kifaa cha kupokea maneno yake kilikuwa kimebandikwa karibu na sikio badala ya kuwa mbele ya mdomo. Fundi akanionyesha karatasi yangu. "Mwalimu," akaniambia, "hapa umeandika kipaza sauti kikae mbele ya mdomo, na hapa chini umeandika vipaza sauti vikae usawa wa masikio. Mimi nimeona vidude vitatu vya duara, viwili vikubwa na kimoja kidogo. Ningejuaje kipi ni kipi?" Sikuwa na jibu. Fundi hakukosea, lililokosea ni neno langu.

2. Chombo chenyewe na jina lake

Chombo tunachokizungumzia kina sehemu nne: kisanduku kidogo chenye betri na vitufe, ambacho hushikizwa ubavuni mwa kofia, vifaa viwili bapa vya kutolea sauti, kimoja kwa kila sikio, kifaa kimoja kidogo cha kupokelea maneno ya msemaji, na nyaya nyembamba za kuviunganisha vyote hivyo. Kati ya kofia moja na nyingine hakuna waya. Maneno husafiri kwa mawimbi ya redio, aghalabu kwa utaratibu uitwao Bluetooth, utumiao mawimbi ya gigahezi 2.4. Jina hilo limetokana na lakabu ya mfalme Harald wa Denmark, aliyeishi katika karne ya 10. Kwa kuwa ni jina la pekee, halifasiriwi. Mfasiri atakayeandika "jino la buluu" atamchekesha msomaji bila kumwelimisha.

Je, chombo kizima tukiiteje? Maofisini limekuwapo jina "simu ya ndani", kwa maana ya simu inayounganisha vyumba vya jengo moja. Jina hilo halifai hapa, kwa sababu waendesha pikipiki wawili hawamo ndani ya jengo lolote. Lipo pia jina la zamani, "simu ya upepo", lililotumiwa kwa redio za kuzungumzia za polisi na za vituo vya mbali. Ni jina zuri, lakini kwa chombo hiki lina kejeli ndani yake, kwani upepo ndio adui yake mkubwa, kama tutakavyoona. Tunapendekeza "simu ya kofia". Atakayepinga kwamba simu asili yake ni waya, kwa kuwa neno lenyewe limetoka katika Kiajemi likiwa na maana hiyo, atakuwa anasema kweli. Walakini simu za mikononi zimekwisha kuliondolea neno hilo waya wake, na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu kofia yenyewe, vitabu husema "kofia ngumu" au "helmeti". Vijana wa bodaboda husema "elementi". Watumishi wengi hulicheka neno hilo, lakini mwanaistilahi hana budi kulitazama kwa makini. Wananchi wamelikuta neno la kigeni lenye konsonanti zilizosongamana, wakalilainisha kama walivyolainisha mengine mengi. Kasoro yake haimo katika matamshi, bali katika kugongana na neno jingine: katika vitabu vya kemia elementi ni dutu isiyoweza kugawanywa kwa njia za kikemia kuwa dutu nyingine sahili zaidi. Kwa sababu hiyo, katika maandishi rasmi tunashauri "kofia ngumu" litumike, na baada ya kutajwa mara ya kwanza lifupishwe kuwa "kofia". Mwalimu anayezungumza na vijana kijiweni asione haya kuanzia na "elementi", maana ndilo walilo nalo.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tujishughulishe na chombo ambacho wananchi wengi bado hawanacho? Jibu ni kwamba neno halingoji. Pikipiki ilipoingia ilijiita yenyewe kwa mlio wake. Bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa abiria wa baiskeli waliokuwa wakivushwa kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Katika mji wa Shinyanga "daladala" limekuwa jina la baiskeli ya kubebea abiria, ilhali Dar es Salaam ni basi dogo. Mwaka 2010, kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilipotoka, waandishi wa sheria waliwakuta wananchi wamekwisha kuita vitu majina. Istilahi inayochelewa hufika na kukuta kiti kimekaliwa.

3. Kipaza sauti: jina moja, kazi mbili

Tulirudie sasa kosa la Ngokolo. Katika Kiswahili cha kila siku, "kipaza sauti" ni kile kinachoshikwa na mhutubiaji mbele ya mdomo wake, na pia ni lile pembe lililofungwa juu ya mti au juu ya gari la matangazo. Mkutanoni utata huo haudhuru. Mtu akisema, "Lete kipaza sauti," kila aliyepo huona kinachotakiwa, na kwa hakika vyombo vyote viwili hushirikiana kuipaza sauti. Lakini ndani ya kofia vifaa hivyo vinafanya kazi zilizo kinyume: kimoja hupokea sauti ya mtu na kuigeuza kuwa umeme, cha pili hupokea umeme na kuugeuza kuwa sauti. Tena hakuna kinachopazwa. Sauti hutolewa sentimeta chache tu kutoka sikioni.

Ilinibidi nitafute majina mawili. Kwanza nilijaribu "kinasa sauti" kwa kile cha mdomoni, nikaliacha upesi, kwani wengi hulielewa kuwa ni mashine ya kurekodi. Kisha nikaunda maneno mawili kwa kufuata kanuni za uundaji wa nomino kutokana na vitenzi: "kisemeo", kwa kile mtu anachosemea, na "kisikizio", kwa kile anachosikizia. Nakiri kwamba niliyapenda. Yana mizizi ya Kiswahili, yana umbo linalolingana, na maana yake hujieleza.

Niliyapeleka kibandani. Fundi akayasifu kwa adabu. Baadaye, akiwa ameinama juu ya kofia huku redio ikilia na mashine ya kusaga ikinguruma jirani, nilimwambia, "Sogeza kisemeo." Akasogeza kisikizio. Maneno yote mawili huanza kwa ki-, yote hufuatiwa na s, na katika kelele tofauti ya e na i hupotea kirahisi. Jozi yangu nzuri ilishindwa mtihani ndani ya dakika moja. Nilipomwuliza yeye huviitaje, alisema bila kusita: "Maiki na spika."

Kwa hiyo tunapendekeza "maikrofoni" na "spika". Maneno hayo ni ya kukopa, na lile la pili lina mwenziwe bungeni. Walakini hakuna sentensi ambamo Spika wa Bunge atadhaniwa kuwa amebandikwa ndani ya kofia. Faida yake ni kwamba hayafanani kwa sauti, hayafanani kwa maandishi, na fundi anayajua tayari. Neno la kukopa linalotofautisha lina heri kuliko neno la asili linalochanganya.

4. Kufunga

Kitenzi cha kwanza cha kijitabu chochote cha aina hii ni kile cha kukiweka chombo mahali pake. Wafasiri wengi huandika "kusakinisha", neno lililoenea pamoja na programu za kompyuta. Fundi wa Ngokolo hasakinishi kitu, yeye hufunga. Hufunga taa, hufunga redio ndani ya gari, hufunga dishi juu ya paa. Twashauri "kufunga" litumike kwa kila kinachoshikizwa kwa mkono, na "kusakinisha" libaki kwa programu.

Maelezo ya kufunga yakiandikwa kwa maneno tuliyokwisha kuyachagua, yatakuwa hivi:

(a) Toa bitana ya kofia kwa uangalifu. Bitana ni kitambaa chenye sponji kinachogusa kichwa na mashavu.

(b) Shikiza kisanduku upande wa kushoto wa kofia kwa bano lake. Upande wa kushoto huchaguliwa kwa sababu mkono wa kulia ndio unaoongoza mafuta, na ukiachia, injini hupoteza nguvu.

(c) Bandika spika moja usawa wa kila sikio, katika kishimo kilichoachwa kwa ajili hiyo. Spika isilikandamize sikio. Ikipotoka kwa sentimeta moja au mbili tu, sauti hupungua sana.

(d) Bandika maikrofoni mbele ya mdomo, ndani ya sehemu ya kofia inayokinga kidevu. Ikiwa kofia haifuniki uso, tumia maikrofoni yenye mkono, uuvute mpaka ufike pembeni mwa mdomo. Kifuniko chake cha sponji kisiondolewe, maana ndicho kinachozuia upepo.

(e) Pitisha nyaya chini ya bitana, kisha rudisha bitana mahali pake. Vaa kofia na ufunge mkanda wa kidevu. Kofia ikikubana pasipokubana awali, fungua tena na upange upya.

Hapa mfasiri hana budi kuongeza onyo, hata kama kijitabu cha asili kimelitaja kwa maandishi madogo: kofia isitobolewe, wala povu gumu lililo chini ya gamba lisichongwe ili kupata nafasi ya spika. Gamba husambaza nguvu ya pigo, na povu hujiminya ili kuipunguza kabla haijafika kichwani. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki apatapo ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mtu asiiharibu kinga hiyo kwa ajili ya mazungumzo.

5. Kuoanisha na kuunganisha

Baada ya kufunga, vyombo viwili havina budi kujulishana. Mtumiaji hubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kumeta, hufanya vivyo hivyo kwa chombo cha pili, na kila kimoja huweka kumbukumbu ya mwenziwe. Tendo hili tuliiteje?

Katika tafsiri yangu ya kwanza niliandika "kuunganisha". Fundi akatafuta waya. Hakupata, akadhani umepotea njiani. Hapo tena neno lilikuwa limemdanganya, kwani kwake yeye kuunganisha ni kukutanisha nyaya mbili kwa risasi ya kulehemu.

Baadhi ya simu za mikononi zenye lugha ya Kiswahili hutumia kitenzi "kuoanisha". Wapo wanaolitabasamia neno hilo kwa kuwa linawakumbusha harusi. Hata hivyo, kuoana kwa maana ya kulingana ni matumizi ya siku nyingi: husemwa kwamba rangi ya kitenge imeoana na ya kilemba, au kwamba maneno ya shahidi hayaoani na ya mwenziwe. Kuoanisha basi ni kuvifanya vitu viwili vioane. Ni neno halali, na lina manufaa ya kutuachia "kuunganisha" kwa jambo jingine.

Jambo hilo jingine ni hili. Vyombo vikishaoanishwa, hukumbukana hata vikizimwa. Kesho yake vikiwashwa, hutafutana na kufungua njia ya mazungumzo. Huko ndiko kuunganishwa. Umbali ukizidi au nyumba zikiingia kati, muungano hukatika, lakini uoanisho haufutiki. Kanuni ya kumfundishia mwanafunzi ni rahisi: *huoanishwa mara moja, huunganishwa kila siku*. Mtumiaji asiyetofautisha mambo haya mawili, muungano ukikatika njiani, huanza kuoanisha upya akiwa juu ya pikipiki, naye ameachia usukani kwa mkono mmoja.

6. Kukagua, kujaribu na kupima

Lugha nyingine huweza kutumia neno moja kwa matendo matatu ambayo Kiswahili huyatenganisha. Huu ni utajiri, na mfasiri asiutupe.

*Kukagua* hufanywa kwa macho na mikono kabla ya kuwasha chombo: maikrofoni ipo mbele ya mdomo? Spika zipo usawa wa masikio? Mkanda unafunga? Kofia ya Ngokolo ingekaguliwa, kosa lingeonekana.

*Kujaribu* ni kukiwasha chombo ili kuona kama kinafanya kazi. Watu wawili husimama mita kumi, wakasalimiana, wakaridhika. Wengi huishia hapa. Mwalimu wetu naye aliishia hapa, kwa sababu uwanjani, injini zikiwa zimezimwa, hata maikrofoni iliyo karibu na sikio ilimfikisha kwa mwanafunzi.

*Kupima* ni kupata jibu linaloweza kuandikwa kwa tarakimu. Njia tuliyoitumia baadaye haihitaji mtambo wowote. Msemaji husoma maneno 20 yasiyopangika katika sentensi. Msikilizaji huyarudia moja moja. Mtu wa tatu huweka alama kwa kila neno lililorudiwa sawasawa. Kipimo hurudiwa katika hali tatu: injini zikiwa zimezimwa, injini zikiwa zinanguruma pikipiki zikiwa zimesimama, na pikipiki zikiwa katika mwendo wa polepole mahali pasipo na magari. Katika hali ya tatu msemaji huwa na maneno kichwani au husomewa na abiria wake, asishike karatasi. Alama zikishuka sana kutoka hali ya kwanza hadi ya tatu, tatizo lipo katika upepo na mahali pa maikrofoni, wala si katika betri.

Uteuzi wa maneno ndio kazi ya mtu wa lugha. Yafaa yawe jozi zinazotofautiana kwa sauti moja tu: *pita* na *sita*, *kata* na *pata*, *saba* na *shaba*, *tisa* na *tisha*, *shika* na *fika*, *simu* na *sumu*. Maneno marefu hayafai, kwa kuwa msikilizaji huweza kuyakisia kwa kusikia nusu yake.

Jambo moja la mahali halina budi kuzingatiwa. Kwa wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, sauti za r na l hukaribiana, na neno moja huweza kutamkwa kwa yoyote kati ya hizo mbili. Mpimaji akiweka *kura* na *kula* katika orodha yake, atakuwa anampima msemaji, wala hapimi chombo. Orodha ya maneno itungwe kwa kuwajua watu watakaoisoma.

7. Upite na usipite

Hapa tumefikia kiini cha jambo. Baada ya maikrofoni kurudishwa mahali pake, alama zilipanda sana. Hata hivyo maneno yenye s, sh na f yaliendelea kupotea kuliko mengine. Sababu inafahamika. Nguvu ya sauti hizo imo hasa katika mitetemo ya juu, mingi yake ikizidi hezi 4,000. Njia ya kawaida ya simu hupitisha takriban kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu. Vyombo vya Bluetooth vya zamani vilifuata kipimo hicho; vile vinavyotumia utaratibu mpana zaidi hufika karibu hezi 7,000, na tofauti yake husikika. Mvumo wa upepo nao hufunika sauti zote zilizo dhaifu.

Tazama sasa sarufi yetu. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika *upite* na *usipite* mkazo uko pale pale, katika *pi*. Tofauti yote kati ya ruhusa na katazo imebebwa na kiambishi *-si-*, silabi isiyo na mkazo, inayoanza kwa sauti ile ile ambayo chombo huipoteza na upepo huifunika. Mwalimu wetu alitamka katazo sahihi. Lugha na chombo, kwa pamoja, vikaligeuza kuwa ruhusa.

Kwa hiyo, katika maagizo yatolewayo kwa simu ya kofia, katazo lisijengwe kwa kiambishi. Litumike neno jingine lisilofanana kabisa na la ruhusa: si "usipite" bali "simama"; si "usiongeze mwendo" bali "punguza"; si "usigeuke" bali "nenda mbele". Mwanafunzi naye arudie agizo kabla ya kulitenda pale muda unaporuhusu. Tarakimu nazo zina hatari yake: *sita* na *tisa* zina konsonanti zilizobadilishana nafasi tu, na *tatu* na *tano* huanza sawa.

Kanuni hii haiishii kwenye pikipiki. Yeyote anayeandika maagizo yatakayosikika katika kelele, iwe katika stesheni ya reli, kiwandani au mgodini kama ile ya ukanda wa Geita na Kahama, ajiulize swali hilo hilo: kiambishi kikimezwa, agizo litageuka kuwa nini?

8. Neno "sauti" na usalama

Limebaki neno moja la kuangaliwa. "Sauti" ni ya mtu, ni ya chombo, na katika "ongeza sauti" ni kiwango. Katika maelezo ya kitaalamu tunashauri "ukubwa wa sauti" kwa kiwango kinachopandishwa na kushushwa, "kelele" kwa kisichotakiwa, na "mvumo" kwa kelele ya upepo.

Tofauti hiyo ina kazi. Katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa kelele ndani ya kofia mara nyingi hupita desibeli 90, ilhali nchi nyingi huweka desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kuwa kikomo cha mfanyakazi. Mtu anayekuza sauti ili ishinde mvumo huongeza mzigo juu ya mzigo, tena hujizibia honi ya lori lililo nyuma yake. Maelezo sahihi basi hayasemi "ongeza sauti mpaka usikie vizuri". Husema "punguza mwendo mpaka usikie vizuri".

9. Mapendekezo

Istilahi zifuatazo ni mapendekezo, bado hazijasanifiwa.

*Simu ya kofia* – chombo cha kuzungumzia bila waya kinachofungwa katika kofia ngumu.
*Kisanduku* – sehemu yenye betri na vitufe.
*Maikrofoni* – kifaa kinachopokea sauti ya msemaji.
*Spika* – kifaa kinachotoa sauti sikioni.
*Gamba* – sehemu ngumu ya nje ya kofia.
*Bitana* – kitambaa cha ndani chenye sponji.
*Kufunga* – kushikiza chombo mahali pake.
*Kuoanisha* – kuvifanya vyombo viwili vitambuane na kukumbukana.
*Kuunganisha* – kufungua njia ya mazungumzo kati ya vyombo vilivyooanishwa.
*Kukagua* – kuangalia kabla ya kuwasha.
*Kujaribu* – kuwasha na kuona kama chombo kinafanya kazi.
*Kupima* – kupata kiwango cha kusikika kwa kuhesabu maneno.
*Ukubwa wa sauti* – kiwango cha sauti itokayo katika spika.
*Mvumo* – kelele ya upepo ndani ya kofia.

10. Tamati

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu mwaka 1974, lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, maelfu ya istilahi yamepita mezani. Nyingi kati yake zilipimwa kwa vigezo vizuri: zisipingane na sarufi, ziwe fupi, zieleweke. Ngokolo imenifundisha kuongeza kigezo kimoja, kwamba istilahi ya kazi ipelekwe kazini kabla ya kuchapishwa, itamkwe katika kelele za kazi hiyo, na asikilizwe yule atakayeitumia. Chombo hukaguliwa, hujaribiwa na kupimwa kabla ya kuaminiwa. Neno linalokiongoza chombo hicho halistahili chini ya hapo.

Kijana aliyeanguka alirudi mafunzoni wiki iliyofuata. Karatasi mpya imebandikwa ukutani mwa kibanda, na fundi ameongeza kwa kalamu, mbele ya neno "maikrofoni", maneno matatu: "ile ndogo – mdomoni". Nimeyaingiza katika fasili yangu ya kazini, maana yanaeleza kuliko yangu.

Wasomaji, hasa walimu wa ufundi na wafasiri walioko mikoani, wanaombwa wayajaribu maneno haya mahali walipo na kutuletea maoni yao: yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na watu wao huviitaje vitu hivi.